MELI, BANDARI NA GHALA MKONONI MWA KAMPUNI MOJA
Maana yake kwa mkulima wa Meru na mfanyabiashara wa Visiwani

Mwezi wa Septemba 2023 uendeshaji wa bandari ya Malindi, Unguja, ulikabidhiwa kampuni ya Zanzibar Multipurpose Terminal, ambayo ni tanzu ya Africa Global Logistics, yaani AGL. Habari hiyo wananchi wengi wanaifahamu. Jambo ambalo pengine halijafahamika sana ni kwamba AGL nayo ni mali ya MSC ya Geneva, kampuni ya meli ambayo tangu Januari 2022 inaongoza duniani kwa uwezo wa kubeba makontena.

Kampuni ya meli inapomiliki pia kazi za bandarini, maghala, malori na uwakala wa forodha, wataalamu wa uchumi huuita mpango huo muunganiko wa wima. Maana yake ni kwamba hatua zinazofuatana za kazi moja zimewekwa chini ya mwenyewe mmoja. Hali hii ni tofauti na ile ya kampuni mbili za meli kuungana, kwani hapo wanaoungana ni washindani wa kazi ya aina moja. Ili jambo hili lieleweke vyema, inafaa kulitazama kutoka Arusha, mji ulio mbali na bahari, ambako kila hatua ya safari ya mzigo huonekana wazi kwa gharama zake.

Safari ya kahawa ya Meru

Kahawa inayovunwa katika miteremko ya Mlima Meru hukaushwa, hukobolewa, hupangwa kwa madaraja na kuuzwa. Kwa miaka mingi kazi ya ukoboaji na mnada imefanyika Moshi. Baada ya mauzo, magunia hupakiwa katika kontena. Kontena la futi 20 huchukua kiasi cha magunia 320 ya kilo 60, sawa na tani 19 na ushei. Kutoka hapo mzigo hupitia kwa mwenye lori au reli, kwa wakala wa forodha, kwa mwendesha bandari na hatimaye kwa mwenye meli.

Kwa desturi ya zamani kila mmoja wa hao alikuwa na ofisi yake, ankara yake na faida yake. Ni kweli kwamba mara nyingi nauli ya baharini hulipwa na mnunuzi wa ng'ambo. Hata hivyo, mnunuzi huyo anapopanga bei hujumlisha gharama zote mpaka mzigo umfikie, na kinachosalia ndicho humfikia mkulima. Kwa hiyo shilingi inayoongezwa bandarini hukatwa shambani, ingawa mkulima haioni ankara yake.

Mabadiliko yalivyotokea

Katika miaka ya 2021 na 2022, baada ya maradhi ya UVIKO-19 kuvuruga biashara ya dunia, nauli za makontena zilipanda kupita kiasi na kampuni za meli zikapata faida ambazo hazijapata kuonekana. Maersk ya Denmark peke yake ilipata faida ya kiasi cha Dola za Marekani bilioni 29 katika mwaka 2022. Sehemu ya fedha hizo ilitumika kununua kampuni za nchi kavu. Maersk ilinunua kampuni ya maghala ya LF Logistics ya Hong Kong mwaka 2022. Desemba ya mwaka huohuo MSC ilikamilisha ununuzi wa shughuli za Bolloré barani Afrika, kwa thamani ya Yuro bilioni 5.7, na shughuli hizo ndizo zilizopewa jina la AGL. CMA CGM ya Ufaransa, iliyokwisha kuinunua CEVA mwaka 2019, iliinunua Bolloré Logistics mwaka 2024.

Waendesha bandari nao wamekuwa wakielekea nchi kavu. DP World ya Dubai, iliyotia saini mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam mwezi Oktoba 2023, ilikwisha kuinunua kampuni ya uchukuzi ya Imperial ya Afrika Kusini mwaka 2022.

Faida zake

Haitakuwa haki kuyatazama mabadiliko haya kwa jicho la shaka tupu. Mwenye mzigo hupata mtu mmoja wa kumuuliza, badala ya wanne wanaosukumiana lawama. Faida ya kila mtu wa kati inaweza kupungua. Parachichi, zao ambalo sasa hulimwa kwa wingi Arusha na Kilimanjaro, halistahimili kukatika kwa ubaridi hata kwa muda mfupi. Mzigo wa namna hiyo hunufaika pale chumba cha baridi, lori na kontena vinaposimamiwa na mkono mmoja. Aidha, kampuni yenye meli na gati ina sababu ya kununua mitambo mipya, kwa kuwa meli inayongoja nje ya bandari humtia hasara yeye mwenyewe.

Mambo ya kuangaliwa

Hata hivyo, yapo mambo yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni tozo za ucheleweshaji. Kontena likikaa bandarini kupita siku zilizoruhusiwa, mwendesha bandari hutoza gharama ya hifadhi, na mwenye meli hutoza gharama ya kushikilia kontena lake. Wenyewe wakiwa wawili, kila mmoja hupenda kumwonyesha mteja kosa la mwenziwe. Nyumba ikiwa moja, tozo zote mbili huingia katika mfuko mmoja, na anayeweza kuharakisha mzigo huwa ndiye anayepata malipo ukichelewa.

La pili ni bei ya jumla. Mteja akipewa bei moja tangu ghalani Arusha hadi bandari ya Ulaya, hawezi kujua lori limegharimu kiasi gani wala bandari kiasi gani, na hivyo hana njia ya kulinganisha. La tatu ni hali ya wakala mdogo wa forodha na mwenye malori machache, ambao hulazimika kushindana na kampuni ileile wanayoitegemea iwapatie kontena na nafasi melini.

Kinga ya Arusha ni njia zake

Bahati ya Arusha ni kwamba haina mlango mmoja wa bahari. Njia ya Tanga ni ya kale zaidi: reli ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na baada ya kusimama kwa muda mrefu treni ilirejea Arusha mwaka 2020. Bandari ya Tanga imechimbwa hadi kina cha mita 13, na meli ambazo zamani zilishushiwa mizigo kwa matishari sasa hufunga gatini. Njia ya pili ni ya Dar es Salaam, ambako makontena hayako chini ya mwendeshaji mmoja pekee. Njia ya tatu ni ya Mombasa kupitia Holili na Taveta, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2016. Maadamu njia hizo tatu ziko wazi, mwenye mzigo anayeona ametozwa kupita kiasi anao uwezo wa kugeuza lori lake. Visiwa havina uwezo huo, na ndiyo maana usimamizi wa sheria kwao ni wa lazima zaidi.

Usimamizi wa sheria

Muungano wa makampuni si kosa kisheria. Kosa ni kuutumia ukubwa kuwanyima wengine nafasi. Kwa Tanzania Bara jambo hili liko chini ya Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na huduma za meli husimamiwa na TASAC. Zanzibar ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Kwa miungano inayovuka mipaka, Mamlaka ya Ushindani ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, ilianza kupokea taarifa za miungano hiyo tarehe 1 Novemba 2025.

Ushauri kwa wananchi

Wafanyabiashara na vyama vya ushirika wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kudai mchanganuo wa bei: lori, ghala, forodha, bandari na meli, kila kimoja mbali.

(b) Kuuliza kwa maandishi, kabla ya kutia saini, idadi ya siku zisizotozwa na siku zinapoanza kuhesabiwa.

(c) Kuuliza kama inaruhusiwa kutumia wakala au lori la nje bila ya kupoteza nafasi melini.

(d) Kutunza stakabadhi zote, kwa kuwa lalamiko lisilo na karatasi ni vigumu kusikilizwa.

Kwa watumishi wa umma wanaoshughulikia mikataba, hapana budi wakumbuke kwamba anayekabidhiwa gati pengine ndiye mwenye meli zinazofunga hapo. Masharti ya kuzihudumia meli za wengine kwa usawa yaandikwe mapema, maana baada ya kutia saini kuna miaka mingi ya kungoja.