Mwavuli wa Nguo Usijaribiwe Nusu Nusu

Mshona mkeka hujua kwamba ukili si mwepesi wa kukatika. Kinachoachia kwanza ni mshono. Jambo hilo limewashughulisha pia wahandisi wa NASA katika kituo cha Ames, California, waliobuni ADEPT, ngao ya nyuzi za kaboni zilizofumwa. Ngao hiyo hukunjwa kama mwavuli, ikafunguliwa angani ili ikikinge chombo na joto kiingiapo katika hewa ya sayari.

Kwa nini ikunjwe? Ngao ngumu haiwezi kuwa pana kuliko nafasi iliyomo katika roketi inayoibeba. Ile iliyoteremsha gari la Curiosity kwenye Mirihi mwaka 2012 ilikuwa na kipenyo cha mita 4.5, na gari lenyewe lilikuwa na uzani wa kilo 900 hivi tu. Anayetaka kuteremsha binadamu na shehena zao hana budi kutafuta ngao pana zaidi, maana hewa ya huko ni nyembamba mno.

Mwaka 2015 kielelezo cha ADEPT kiliwekwa mbele ya mkondo wa gesi ya moto, joto likafikia takriban nyuzi 1,700 za Selsiasi. Tabaka zilizolowekwa utomvu ili kuikinga mishono ziliteketea upesi, zikiacha michirizi ya samawati. Hapo ndipo penye kiini cha suala: nguo istahimili itakavyo, mshono ukifumuka chombo kimeangamia.

Kisha, tarehe 12 Septemba 2018, kielelezo cha sentimita 70 kilirushwa kwa roketi ndogo katika jangwa la New Mexico. Kilifunguka huko juu, kikaanguka kwa kasi ipatayo mara tatu ya sauti. Lakini hakikutoka kwenye mzunguko wa dunia, kwa hiyo joto lilikuwa dogo.

Hivyo basi, tanuri lilijaribu nguo isiyoruka, na roketi ikajaribu nguo isiyoungua. Wapo watakaosema nusu mbili hufanya kitu kizima. Sikubaliani nao, kwani moto na mtikisiko hushambulia mshono kwa pamoja.

LOFTID, ngao ya kujazwa gesi yenye kipenyo cha mita 6, haikuhurumiwa hivyo. Tarehe 10 Novemba 2022 iliteremshwa kutoka kwenye mzunguko wenyewe hadi bahari ya Pasifiki, karibu na Hawaii, ikaopolewa na kukaguliwa. Mwavuli wa kaboni nao upelekwe huko huko, mishono yake yote ikiwamo, kabla ya mtu yeyote kuketishwa nyuma yake.