Jina limekatwa kozi ya cheo polisi: uulize nini?

Wadau, askari wa Bwejuu akikosa kozi ya kupanda cheo, mtaani tunasema tu "hana mtu". Haya, tuelewane. Cheo si haki ya mtu, lakini kupimwa kwa haki ni haki yake. Polisi ni jambo la Muungano, na Katiba ya 1977, ibara ya 13(6)(a), inataja haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Wenzetu Kenya wameongeza kitu: Katiba yao ya 2010, ibara ya 47, inampa aliyeathirika na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Bila sababu, rufaa ni kurusha jiwe gizani. Kwa hiyo jina likikatwa, ulizeni: vigezo vilitangazwa lini? Nimekosa kipi? Rufaa naipeleka wapi?