Walinzi wa Ndani ya Seli: Kwa Nini Virusi vya Tumbili Havikutushinda na VVU Vikatushinda

Katika mashamba ya mahindi pembezoni mwa mji wa Babati, tumbili ni mgeni asiyealikwa. Mkulima humfukuza kwa hasara anayomtia; wachache hujua kwamba jamii ya mnyama huyo hubeba virusi viitwavyo SIV, ndugu wa virusi vya UKIMWI (VVU), na kwa kawaida huishi navyo bila kuugua. Virusi hivyo vimewahi kuvuka mpaka: mwaka 1994 watafiti waliripoti nyani wa hifadhi moja ya taifa ya Tanzania aliyekuwa na SIV ya tumbili. Hata hivyo, havijulikani kuwa vimewahi kuenea miongoni mwa binadamu. Sehemu ya jibu imo ndani ya seli zetu.

VVU na SIV ni retrovirusi. Jenomu yao imeandikwa kwa RNA. Vikiingia katika seli huinakili kinyume kuwa DNA, kisha huichomeka nakala hiyo katika kromosomu. Tangu hapo, seli husoma maagizo ya virusi kana kwamba ni yake. Kwa hiyo seli ina walinzi wa ndani wanaofanya kazi bila kusubiri kingamwili.

Mlinzi anayefahamika sana ni protini iitwayo APOBEC3G. Kazi yake ilitambuliwa mwaka 2002, mwaka ule ule Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa. Protini hii hujipenyeza ndani ya virusi vipya vinapoundwa na kusafiri navyo hadi seli nyingine. Huko, unakili unapoanza, hugeuza herufi C kuwa U katika uzi mpya wa DNA. Makosa huwa mengi kiasi kwamba maagizo ya virusi hayasomeki tena.

VVU hujibu kwa protini yao iitwayo Vif. Vif haiiangamizi APOBEC3G kwa nguvu zake. Huishika na kuifikisha kwenye mtambo ambao seli huutumia kuvunjavunja protini zisizohitajika. Seli humsaga mlinzi wake kwa mikono yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo ndipo tofauti ya tumbili na binadamu inapojitokeza. Mwaka 2004 ilidhihirika kwamba Vif ya SIV ya tumbili huishinda APOBEC3G ya tumbili, lakini ya binadamu huishindwa. Kinachoamua ni asidi amino moja tu, ya 128 kati ya 384 zinazoijenga protini hiyo. Ilipobadilishwa maabarani ikafanana na ya tumbili, mlinzi wa binadamu naye alishindwa.

Mlinzi mwingine ni tetherini, ambayo hufunga virusi vinavyochipuka juu ya utando wa seli, mithili ya ndama aliyefungwa kamba asitoke zizini. SIV ya sokwe huikata kamba hiyo kwa protini iitwayo Nef. Tetherini ya binadamu haina kipande ambacho Nef hukilenga. Lakini tawi la VVU lililoenea duniani, lenye asili kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, lilikivuka kizuizi hicho kwa kuirekebisha protini nyingine, Vpu. Kizuizi kinaweza kudumu muda mrefu, kisha kikavukwa.

Kutokana na hayo tunapata mafunzo mawili. Kwanza, kufuli la seli si ruhusa ya kushika damu au nyama ya tumbili bila tahadhari. Nyani yule ni ushahidi kwamba virusi huvuka.

Pili, virusi hubadilika kwa njia ya kujinakili, kwa kuwa kila unakili huzaa makosa, na baadhi ya makosa huvinufaisha. Virusi visivyojinakili havijifunzi. Dawa za kufubaza VVU hufanya kazi ambayo walinzi wetu wameshindwa kuikamilisha: tenofovir na lamivudini huzuia unakili wa kinyume, na dolutegravir huzuia kuchomekwa kwa DNA katika kromosomu. Anayeacha vidonge kwa kuwa anajisikia mzima, au anayevimeza leo na kuviruka kesho, huvifungulia virusi darasa la kujifunza usugu.

Elimu ya walinzi hawa tayari inaonyesha njia. Protini ya TRIM5-alfa hushambulia ganda linalobeba jenomu ya virusi, ingawa ile ya binadamu ni dhaifu mbele ya VVU. Dawa ya lenacapavir hulilenga ganda hilo hilo. Katika jaribio la Uganda na Afrika Kusini, lililotoa matokeo mwaka 2024, wanawake 2,134 walipewa sindano yake kila baada ya miezi sita, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Pale mlinzi wa asili alipolegea, sayansi imeweka mwingine.