Programu ya bure, tovuti ya kulipia: Mfanyabiashara apige hesabu mapema

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wanapokwenda kwa fundi wa kompyuta kuagiza tovuti ya kampuni huuliza swali moja tu: bei gani? Jibu wanalopewa mara nyingi huanza na neno tamu, kwamba programu yenyewe ni ya bure. Neno hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Kilicho bure ni leseni. Jina la tovuti, pango la seva, kazi ya fundi na matunzo ya kila wiki vyote vina bei, na asiyevipigia hesabu mwanzoni huja kuvilipia kwa mkupuo siku tovuti inapokufa.

Makala haya yanaangalia kilichopo sokoni, gharama zake, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyadai kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Bidhaa zilizopo

Programu zinazozungumzwa hapa ni mifumo huria ya kusimamia maudhui ya tovuti. Kazi yake ni kumwezesha mwenye biashara kubadili bei, picha na matangazo yake bila kujua lugha za kompyuta. Anaingia kwa neno la siri, anaandika kama anavyoandika barua, anabonyeza, na habari inatoka. Huitwa huria kwa sababu leseni yake, GPL, inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa bila kulipa ada.

Inayoongoza ni WordPress, iliyotolewa Mei 27, 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani pamoja na Mike Little wa Uingereza. Inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Kwa mnunuzi, wingi huo una faida moja kubwa: mafundi wake ni wengi, na ukishindwana na mmoja utampata mwingine.

Ya pili ni Joomla, ambayo jina lake limetokana na neno letu la Kiswahili, jumla, lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Ilizaliwa mwaka 2005 baada ya watengenezaji wa mfumo ulioitwa Mambo kutofautiana na kampuni ya Australia iliyokuwa ikimiliki jina hilo. Kampuni ilibaki na jina, watengenezaji wakaondoka na kazi yao na kuiendeleza, kwa kuwa leseni iliwaruhusu. Hapo ndipo thamani ya programu huria inapoonekana: wakubwa wakigombana, mteja hanyang'anywi bidhaa.

Ya tatu ni Drupal, iliyotolewa mwaka 2001 na Dries Buytaert wa Ubelgiji. Inafaa taasisi zenye kurasa nyingi na watumishi wengi wenye mamlaka tofauti, lakini inahitaji fundi mwenye ujuzi zaidi. Kwa duka la vipuri au nyumba ya wageni ni sawa na kukodi lori kubeba gunia moja.

Saa saba za Drupal

Anayedhani kwamba tovuti ikishakamilika kazi imekwisha, na akumbuke yaliyotokea Oktoba 15, 2014. Siku hiyo kikosi cha usalama cha Drupal kilitangaza kasoro kubwa katika toleo la 7 na kutoa marekebisho papo hapo. Wiki mbili baadaye kikosi hicho kikatoa tamko zito: tovuti yoyote ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo la kwanza, mwenyewe aichukulie kuwa imekwisha kuvamiwa.

Kwa saa za Afrika Mashariki, muda huo uliisha saa 8 usiku. Mwenye duka alikuwa amelala, na fundi wake pia. Wavamizi hutumia mashine zinazopita tovuti moja baada ya nyingine usiku kucha, na hazichagui kubwa wala ndogo. Udogo wa biashara si kinga.

WordPress ilipunguza tatizo hilo tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013, ambalo lilianza kujirekebisha lenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama. Hata hivyo, hatari kubwa siku hizi iko kwenye plagini, yaani programu ndogo zinazoongezwa ili kuleta fomu, duka au picha. Kila plagini ina mtengenezaji wake, na mtengenezaji akiiacha, kasoro zake hubaki wazi. Mbaya zaidi ni plagini za kulipia zilizoibwa na kugawiwa bure: nyingi huwekewa mlango wa nyuma. Fundi anayekupa plagini ya kulipia bila stakabadhi hajakuokolea fedha.

Hesabu yenyewe

Tupige hesabu kwa mfano. Bei hizi ni za kuonyesha njia tu, msomaji aweke za kwake. Fundi wa kwanza anataka sh. 800,000 mara moja, kisha anaondoka. Fundi wa pili anataka sh. 600,000 za kujenga na sh. 50,000 kila mwezi za matunzo. Jina na seva ni gharama ileile kwa wote, hivyo tuziache.

Baada ya miaka 3 wa kwanza amechukua sh. 800,000. Wa pili amechukua sh. 600,000 na miezi 36 ya sh. 50,000, jumla sh. 2,400,000. Tofauti ni sh. 1,600,000, na kwa macho ya haraka wa kwanza ndiye nafuu.

Sasa tuseme tovuti ya fundi wa kwanza inavamiwa mara moja tu katika miaka hiyo. Kuijenga upya ni sh. 800,000 nyingine. Kama faida inayotokana na oda za mtandao ni sh. 40,000 kwa siku, siku 20 za kufungwa ni sh. 800,000 tena. Tofauti yote imekwisha, na hatujahesabu wateja waliohamia kwa jirani.

Lakini hesabu hiyohiyo inasema kinyume kwa mwenye oda moja kwa wiki. Huyo hana sababu ya kulipia matunzo ya kila mwezi. Ukurasa mmoja wenye simu, mahali alipo na orodha ya bidhaa unamtosha, bila plagini wala duka la mtandaoni.

Jina ni la nani?

Hasara nyingine huanzia kwenye karatasi. Jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, husajiliwa kwa jina la mtu au kampuni, na hulipiwa upya kila muda wake unapokwisha. Fundi akilisajili kwa jina lake mwenyewe, siku mkikorofishana anaondoka nalo, pamoja na barua pepe za kampuni. Leseni huria hailindi jina. Inalinda programu tu.

Upo pia upande wa sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Fomu ya oda inayokusanya majina na namba za simu za wateja inaingia humo. Tovuti ikivuja, huwezi kumwambia mteja kwamba programu ilikuwa ya bure.

Ushauri wetu

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai mambo matano, kwa maandishi. Kwanza, jina la tovuti na akaunti ya seva viwe kwa jina la kampuni yake. Pili, apewe neno la siri la msimamizi mkuu, si la mwandishi wa kawaida. Tatu, nakala ya akiba ichukuliwe kila wiki na itunzwe nje ya seva hiyo, na irejeshwe kwa majaribio angalau mara moja mbele yake. Nne, apewe orodha ya plagini zote na stakabadhi za zile za kulipia. Tano, mkataba utaje nani atafanya marekebisho ya usalama na ndani ya saa ngapi.

Fundi mzuri hatachukia masharti haya, kwa kuwa yanamlinda naye pia. Anayeyakataa amekusaidia kuamua, na programu ikiwa huria, fundi wa pili ataanzia kazi palepale bila kununua leseni mpya.