Ndama ana zizi, mtoto je? Visima vya vitalu na hatari ya maji Tabora

Msimu wa tumbaku mkoani Tabora huanza kwa kutafuta maji. Kuanzia Agosti na Septemba, ardhi ikiwa imekauka na majani ya miombo yameanguka, mkulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui hushuka mbugani, huchimba kisima kifupi pembeni mwa matuta ya kitalu na kumwagilia miche yake kwa keni asubuhi na jioni. Bila kisima hicho hakuna miche, na bila miche hakuna tumbaku ya kupeleka sokoni.

Kisima hicho ni mtaji. Lakini mara nyingi huachwa wazi, hakina ukuta wala mfuniko, kingo zake zinateleza kwa maji yanayomwagika, na mita chache kutoka hapo, chini ya mti, ameketishwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuja shambani na mama yake kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumwachia.

Mtu akitaja watoto kuzama majini, wengi wetu huwaza Ziwa Victoria, Tanganyika au mwambao wa Bahari ya Hindi. Magazeti nayo hujaa habari za vyombo vikubwa, kama MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Mtoto mmoja anapotumbukia kwenye kisima cha kitalu, msiba huishia kijijini. Ndiyo maana mkulima wa nchi kavu hajioni kuwa mhusika. Ukweli ni kwamba kwa mtoto mdogo, ukavu wa nchi unaweza kuwa ndio chanzo cha hatari.

Maji ya kutafutwa

Historia ya Tabora ni historia ya kutafuta maji. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 ililazimika kuvuka Mgunda Mkali, pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyanyembe, na wapagazi walipanga mwendo wao kwa kuhesabu umbali kati ya kisima kimoja na kingine. Waliofika Unyanyembe walipumzika kwa wiki, wengine kwa miezi, kwa sababu hapo palikuwa na chakula na maji. Tembe za Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, zilikuwa katika eneo la namna hiyo.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mji uliendelea kukua, na kiu nayo ikakua. Yakajengwa mabwawa ya Igombe na Kazima kwa ajili ya mji. Vijijini yakachimbwa malambo ya ng'ombe. Katika miaka ya karibuni bomba la maji ya Ziwa Victoria limefika Nzega, Igunga na Tabora mjini, na hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo kaya nyingi, hasa za mashambani, bado zinaishi kwa kuchota, kukinga na kuhifadhi.

Hapo ndipo penye jambo la kutazama. Mahali ambapo maji ni haba, watu huyasogeza karibu na mlango. Huchimba kisima uani, hujaza pipa, huacha ndoo za lita 20 na mabeseni wazi jikoni, hukinga mvua kwenye karai. Wanaofyatua matofali huacha mashimo ambayo hujaa maji kuanzia Novemba. Mpunga wa Igunga na Nzega hupandwa kwenye majaruba yanayotuamisha maji kwa wiki kadhaa. Siku hizi kuna pia mabwawa ya kufugia perege na kambale nyuma ya nyumba. Ukihesabu vizuri, kaya moja ya mkulima inaweza kuwa na maeneo matano au sita yenye maji ya kutosha kumzamisha mtoto.

Sentimita tano zinatosha

Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2024, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Zaidi ya vifo tisa kati ya kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sababu ya watoto wadogo kuwa wengi kiasi hicho iko katika maumbile yao. Kichwa cha mtoto anayeanza kutembea ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo kutazama sura yake au kuokota kopo, uzito wa kichwa humvuta mbele, miguu hunyanyuka, na mikono yake haina nguvu za kumrudisha. Ndoo yenye maji nusu haipinduki, kwa hiyo yeye hubaki humo kichwa chini. Maji ya kina cha sentimita tano, yakimfunika pua na mdomo, yanatosha.

Jambo la pili ni ukimya. Wengi hudhani mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha maji. Mtoto mdogo hazami hivyo. Maji yakishaingia mdomoni hawezi kulia. Ndani ya dakika mbili hivi hupoteza fahamu, na baada ya dakika chache zaidi ubongo huanza kuharibika kwa kukosa hewa. Huo ni muda wa kwenda kuchochea moto, kumhudumia mteja wa vitumbua au kumwagilia matuta mawili. Mama aliyesema "nilikuwa naye sasa hivi" hakusema uongo.

Dada amekwenda shule

Zamani katika kaya nyingi kazi ya kumwangalia mtoto ilikuwa ya dada yake mwenye miaka minane au tisa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Kampeni dhidi ya ajira ya watoto kwenye mashamba ya tumbaku nazo zimewaondoa wengi shambani na kuwapeleka darasani. Hakuna mzazi mwenye busara anayetaka kurudi nyuma.

Lakini yaya ameondoka na nafasi yake haijajazwa. Kuanzia asubuhi hadi mchana dada yuko shule, baba yuko shambani au kwenye bani, mama yuko kitaluni, kisimani au gengeni, na mdogo yuko peke yake na miguu yake miwili mipya. Anayebaki naye huenda ni bibi aliyezeeka, ambaye hawezi kumkimbilia.

Wenzetu wa Bangladesh, nchi yenye madimbwi karibu kila nyumba, waliligundua tatizo hilo hilo. Utafiti wao ulionyesha kwamba watoto wengi wa mwaka mmoja hadi minne huzama kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana, kwenye maji yaliyo karibu kabisa na nyumba, wakati mama ana kazi nyingi. Wakaanzisha vituo vidogo vya kijiji ambako mwanamke aliyefundishwa huwatunza watoto 20 hadi 25 kwa saa hizo tu. Vifo vya kuzama miongoni mwa watoto waliopelekwa vituoni vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo iliidhinisha mpango wa vituo 8,000.

Sisi nasi tuna pa kuanzia. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahimiza vituo vya kulelea watoto vya jamii. Kikundi cha akina mama kumi wenye vitalu katika mbuga moja kinaweza kupanga zamu: kila siku mmoja au wawili hawamwagilii, wanalea, na wenzao wanawamwagilia matuta yao. Gharama ni makubaliano, kivuli, uji na maji ya kunywa. Atakayelea asipewe kazi nyingine hata ya kuchambua maharage, maana jicho ndilo kazi yenyewe.

Zizi la mtoto

Mfugaji wa Kinyamwezi au Kisukuma hamwachi ndama azurure. Humjengea zizi lake la fito au miiba kwa sababu anajua thamani yake. Ujuzi huo huo unaweza kumlinda mtoto, na vifaa viko mlangoni.

Kisima cha uani kijengewe ukuta wa matofali ya kuchoma au ringi za zege, usimame mita moja juu ya ardhi, na kiwe na mfuniko mzito wa mbao wenye bawaba na komeo. Bati lililolazwa juu bila kufungwa si mfuniko. Ni mtego, kwa sababu mtoto atapanda na litateleza. Usiache jiwe, kinu au ndoo iliyopinduliwa karibu na ukuta, kwani hiyo ni ngazi yake.

Kisima cha kitalu ni cha msimu, na wengi hawatakubali kukijengea. Basi kizungushie uzio wa fito au mabanzi ya mbao kutoka kwa wapasuaji, urefu wa mita 1.2, nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 10, na mlango unaofungwa kwa juu. Fito zisimame wima, kwa sababu za kulala hupandika. Miche ikishahamishiwa shambani, fukia kisima siku hiyo hiyo. Kisima kilichosahauliwa hujaa mvua za masika na kufunikwa na majani, na hapo hata mtu mzima hukikanyaga bila kukiona.

Wapo wanaozungushia lambo au bwawa la samaki kwa minyaa. Ni uzio mzuri, lakini utomvu wake huumiza macho vibaya, hivyo upandwe mbali na mahali watoto wanapocheza.

Shambani, mtengenezee mtoto kizimba chini ya kivuli: fito zilizochongwa zikawa laini, mraba wa mita moja na nusu kila upande, urefu wa kumfika kidevuni, na mkeka ndani. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza vya kukunjwa na kuviuza mnadani, na mteja wake yupo. Kizimba hakichukui nafasi ya mlezi. Humpa mama zile dakika chache ambazo bila kizimba zingetosha kuleta msiba.

Nyumbani, jioni kabla ya kulala na asubuhi kabla ya kutoka, mwaga maji ya beseni na karai yasiyotumika na uyapinde. Pipa na ndoo vifunikwe kwa mfuniko unaobana, au viwekwe juu ya meza. Weka nusu mlango wa mbao jikoni na bafuni. Mwenye duka la vyombo naye ashauri wateja: ndoo inauzwa na mfuniko wake.

Mtoto mwenye kifafa anahitaji uangalizi zaidi, hata akiwa mkubwa.

Akizama

Kamata kwa mti, kamba au kanga badala ya kuruka. Katika kisima kirefu hewa inaweza kuwa mbaya, na waokoaji wamewahi kufa mmoja baada ya mwingine. Mmoja apige simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, mwingine atafute usafiri.

Usimning'inize mtoto kichwa chini, usimzungushe, usimkamue tumbo. Unapoteza dakika na unaweza kumpalia matapishi. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu kidogo, funika mdomo wake kwa mdomo wako na umbane pua (kwa kichanga funika mdomo na pua pamoja), mpulizie taratibu mara tano hadi uone kifua kikinyanyuka. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa kiganja cha mkono mmoja, kichanga kwa vidole gumba viwili, hadi kifua kibonyee theluthi moja, mara 30 kwa haraka, kisha mpulizie mara mbili. Rudia bila kukata tamaa hadi apumue au msaada ufike. Akizinduka, mpeleke zahanati hata kama anacheka, kwa sababu mapafu yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Agenda ya chama cha msingi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya hatari za kimwili. Lakini sheria haiwezi kukaa mbugani na kila mama. Chama cha msingi kinaweza. Kabla ya kugawa mbegu na mbolea, viongozi wa AMCOS hukagua mambo mengi: ukubwa wa shamba, miti iliyopandwa, hali ya bani. Wakiongeza swali moja tu, kisima chako kina uzio na kitafukiwa lini, mbuga nzima itabadilika ndani ya msimu mmoja. Serikali ya kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo inayomtaka mfyatua matofali afukie shimo lake.

Mkulima anayejua kupiga hesabu anajua kwamba fito za uzio na nusu siku ya kazi ni gharama ndogo kuliko zote za msimu. Mkutano wa wanachama wa kabla ya vitalu ndio wakati wake, kwa kuwa baada ya hapo kila mmoja atakuwa ameinama na keni yake, na hakuna atakayekuwa akitazama.