KUINGIA CHUONI SI KUMALIZA

Mwenzetu mmoja, mchuma chai, aliuza ng'ombe wawili ili binti yake aingie chuo kikuu. Siku ya safari majirani walikusanyika, wazee wakambariki, na sanduku jipya likapakiwa juu ya basi. Mwaka wa tatu binti alirudi nyumbani na sanduku lile lile. Masomo hayakumshinda. Alikuwa akidaiwa baki ya karo ya muhula mmoja, na jina lake halikuwamo katika orodha ya walioruhusiwa kufanya mtihani. Leo anakaa katika kibanda cha kutuma pesa mjini, na mama yake bado analipa mkopo wa karo ya mwaka wa kwanza.

Hakuna aliyemfukuza binti huyu. Alitoweka tu, na chuo hakikuuliza yuko wapi.

Sisi wafanyakazi wa mashamba tunaijua hesabu hii. Miwa hailipwi inapopakiwa shambani. Hulipwa kwenye mizani ya kiwanda. Lori likipinduka njiani, jasho la wakataji limepotea. Lakini vyuo vingi hujisifu kwa mzigo uliopakiwa: mwaka huu tumeandikisha elfu kadhaa. Wangapi walifika kwenye mizani? Hapo sauti hupungua.

MLANGO WA KUINGIA

Hatusemi kwamba mlango wa kuingia si kitu. Umepiganiwa. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wavulana 14, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Wanawake sita wa kwanza waliingia mwaka 1945, na kaulimbiu ya chuo, iliyowataka wanafunzi wawe wanaume, ikalazimika kubadilishwa. Hata hivyo, kufikia mwaka 1990 wanawake walikuwa kama robo tu ya wanafunzi. Mwaka huo kukaanzishwa utaratibu wa kumwongezea kila msichana anayeomba nafasi pointi 1.5. Katika miaka ya 2000 wanawake walikwisha kupita asilimia 40.

Mwaka 2005 serikali ya Uganda ikatenga sehemu ya nafasi inazozilipia kwa ajili ya vijana wa kila wilaya, ili zisichukuliwe zote na watoto wa shule chache za gharama kubwa. Mwaka 2014 ikapitishwa sheria ya mikopo ya wanafunzi.

Hizo ni hatua za kweli, nasi tunazitetea. Lakini karibu zote zinahusu siku ya kuingia. Hata mkopo umewekwa kwa karo na ada za chuo. Chakula na chumba hubaki juu ya mzazi. Pointi 1.5 humfikisha msichana darasani. Hazimlishi mwezi wa tatu, wala hazimwambii nani wa kumwendea anaposhindwa hesabu. Kazi hiyo ni ya wakuu wa chuo, siku kwa siku, mpaka mwisho.

Je, mkuu wa chuo akiamua kuifanya, inawezekana? Tuchukue mfano wa mbali, kwa sababu hesabu zake zimewekwa wazi.

CHUO CHA ATLANTA

Katika mji wa Atlanta, Marekani, kuna chuo cha umma kiitwacho Georgia State University. Kilianza mwaka 1913 kama shule ya jioni ya biashara. Kwa miaka mingi hakikumpokea mtu Mweusi, na mwanafunzi wa kwanza Mweusi aliingia mwaka 1962. Mlango ulipofunguka, watoto wa maskini waliingia kwa wingi, lakini waliendelea kupotea njiani. Mwaka 2003, katika kila wanafunzi 100 walioanza, 32 tu walikuwa wamemaliza baada ya miaka sita. Miongoni mwa Weusi hali ilikuwa mbaya zaidi.

Wakuu wa chuo, wakiongozwa na Mark Becker aliyeshika uongozi mwaka 2009 na msaidizi wake Timothy Renick, waliacha kuuliza wanafunzi wana kasoro gani. Waliuliza chuo chenyewe kina kasoro gani. Wakafungua madaftari.

Jambo la kwanza walilokuta ni lile lililompata binti wa mwenzetu. Kila muhula wanafunzi walifutwa kwa kutolipa, na wengine walikuwa wamebakiza dola mia chache tu. Walikuwemo waliokaribia kumaliza, wenye alama nzuri. Mwaka 2011 chuo kikaanza kuwalipia baki hizo, kwa wastani wa dola kama 900 kwa kila mmoja. Mwanafunzi hakungojwa aombe. Chuo kiliangalia deni na alama, kikamwita, kikalipa, na kumtaka akae na mshauri wapange matumizi yake ya fedha.

Mtu asiseme hiyo ni sadaka. Mwanafunzi anayebaki huendelea kulipa karo, na anayeondoka huondoka na karo yake yote iliyobaki. Chuo kilichomfuta mtu kwa deni dogo kilikuwa kikijipunja chenyewe.

Jambo la pili lilihusu dalili za mapema. Katika masomo ya siasa ilionekana kwamba aliyepata A au B katika kozi ya kwanza alikuwa na nafasi ya asilimia kama 75 ya kumaliza. Aliyepata C alikuwa na asilimia kama 25. Zamani mwenye C aliambiwa amefaulu, aendelee. Kumbe alikuwa akizama polepole. Tangu mwaka 2012 kompyuta za chuo hutazama dalili za namna hiyo, na mshauri humwita mwanafunzi mapema, ajue kama anahitaji msaada wa kuandika, wa hesabu au wa kubadili njia.

Lakini wenzetu waangalie jambo hili vizuri. Kompyuta hutoa dalili, hailei mtu. Ilibidi chuo kiajiri washauri zaidi ya 40, hata mshauri mmoja akawa na wanafunzi kama 300. Anayetaka matokeo bila kuajiri wafanyakazi anajidanganya.

Kufikia mwaka 2014 waliomaliza ndani ya miaka sita walikuwa 54 katika kila 100. Vijana Weusi, wenye asili ya Kilatini, na wale wa familia maskini walikuwa wakimaliza kwa kiwango kisichopungua cha wenzao. Uwezo wao ulikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni jinsi chuo kilivyowashughulikia.

NAMBA ZILE ZILE, NIA NYINGINE

Kisu kikatacho mboga hukata pia kidole. Huko huko Marekani, katika jimbo la Maryland, wanafunzi wa Mount St. Mary's University waliandika katika gazeti lao mnamo Januari 2016 kuhusu mpango wa mkuu wao. Wanafunzi wapya walipewa maswali ya kujaza kuhusu maisha yao. Nia ilikuwa kuwatambua wenye dalili ya kushindwa, na kuwaondoa 20 hadi 25 kabla ya tarehe ya hesabu mwezi wa Septemba. Anayeondoka kabla ya tarehe hiyo hahesabiwi kuwa amepotea. Chuo kingeonekana kinawatunza wanafunzi, kumbe kimewatupa mapema.

Baadhi ya wafanyakazi wa chuo walikataa kutoa majina. Habari ilipotoka, mwalimu mmoja na mlezi wa gazeti la wanafunzi wakaachishwa kazi. Waalimu wa vyuo vingi wakapaza sauti, wawili hao wakaitwa tena kazini, na mwisho wa Februari mkuu akajiuzulu.

Somo lake kwetu ni rahisi. Asilimia peke yake haina huruma. Unaweza kuipandisha kwa kumshika mkono anayechechemea, au kwa kumwondoa barabarani kabla hujaanza kuhesabu. Kwa hiyo tusiulize tu wangapi wamemaliza, tuulize pia wangapi walianza. Na waliozuia uovu ule walikuwa wafanyakazi waliokataa kuufanya, na wenzao waliosimama nao.

TUFANYE NINI

Kwanza, tuulize. Mzazi anayepeleka karo ana haki ya kujua: katika kila 100 walioingia mwaka fulani, wangapi wamemaliza? Wasichana wangapi? Wa wilaya za mbali wangapi? Walioondoka waliondoka kwa sababu gani?

Pili, tutumie viti tulivyo navyo. Katika mabaraza ya vyuo vyetu vya umma wamo wawakilishi wa wafanyakazi na wa wanafunzi. Wadai kwamba mwanafunzi asizuiwe mtihani kwa baki ndogo kabla hajaitwa, kusikilizwa na kupangiwa namna ya kulipa.

Tatu, tutazame nyumba yetu. Muhula wa chuo haufuati siku ya mshahara wetu. Chama kinapojadili mkataba na mwajiri, malipo ya mapema kwa ajili ya karo yawe katika orodha ya madai, karibu na mshahara na matibabu. Nacho chama cha akiba na mikopo kiweke fungu kwa watoto waliobakiza mwaka mmoja, kwa maana hao ndio ambao fedha kidogo huokoa jasho la miaka mingi.

Mama yule mchuma chai hakuomba upendeleo. Alitimiza sehemu yake, mtoto akatimiza yake. Ilibaki sehemu ya tatu, ya kumwita binti ofisini na kumwuliza: una shida gani? Swali hilo halina gharama. Tuwadai wakuu wa vyuo waliulize mapema, kabla sanduku halijarudi nyumbani.

Umoja wa wafanyakazi udumu!