Je, Wajua? Mtutu mpya hauifanyi bunduki kuwa mpya
Vita vya 1914–1918 vilipopita kati ya Rufiji na Kilwa, askari wengi wa Wajerumani walibeba bunduki ya Mauser ya 1871 ya milimita 11, ambayo moshi wake mzito ulimfichua mpigaji. Mauser ya 1898, ya milimita 8, haikuwa na tatizo hilo. Kitako cha ganda la risasi yake, chenye upana wa takriban milimita 12, kilirithiwa na risasi za .30-06 (1906), .308 (1952) na .243 (1955). Ndiyo maana bunduki ya komeo ya bei nafuu yaweza kufungwa mtutu wa risasi nyingine ya ukoo huo, komeo likabaki lilelile.

Wapo watakaouliza: kwa nini basi tusiifunge mtutu wa .375, risasi inayomfaa mwindaji wa nyati? Kwa sababu mtutu ni sehemu tu ya kazi. Risasi ya .375 Holland & Holland (1912) ina kitako cha milimita 13.5 na urefu unaozidi milimita 90, hivyo komeo na kasha la risasi navyo vingedai kuchongwa upya, na gharama ingeweza kupita bei ya bunduki. Hata ndani ya ukoo mmoja, fundi hupima nafasi kati ya uso wa komeo na kitako cha ganda. Ikizidi kwa sehemu ndogo ya milimita, ganda laweza kupasuka na gesi ya moto kumrudia mpigaji machoni.